Biashara ya majina ya akaunti: Mnazi wako, ardhi si yako

Kila Julai, Makunduchi hujaa watu. Vigogo vya migomba vinapigwa, kibanda cha makuti kinachomwa moto pale Kajengwa, akina mama wanaimba, na simu mia kidogo zimenyanyuliwa juu kurekodi. Mgeni akirudi hotelini Paje au Jambiani anataka kuitaja sherehe aliyoiona. Anaandika alama ya @, halafu herufi kumi: mwakakogwa.

Akaunti itakayotokea hapo ndiyo inayopata wafuasi. Ndiyo inayoulizwa vyumba bei gani, teksi kutoka uwanja wa ndege shilingi ngapi, mwakani sherehe lini. Ni watu wachache sana watakaouliza kama mwenye akaunti ni mtu wa Makunduchi, wa Mwanza, au jamaa aliyekaa Ulaya ambaye hajawahi kukanyaga Unguja.

Hiyo ndiyo thamani ya jina la akaunti. Na kama ilivyo kwa kiwanja cha ufukweni, wapo wanaoliwahi jina si kwa kulitumia, bali kwa kulikalia mpaka atokee mwenye shida nalo.

Kwa nini jina liwe adimu?

Mtaani, Juma Ali wanaweza kuwa mia Unguja hii na hakuna anayegombana. Tunawatofautisha kwa jina la baba, la babu, la kijiji, au kwa lakabu ambayo mwenyewe haipendi. Mtandaoni hakuna hiyo. Kila mtandao una jumaali mmoja tu. Wa pili atakuwa jumaali_1, au jumaali.official, au atatia tarakimu za mwaka aliozaliwa.

Anayewahi ndiye anayepata. Na sisi wa ukanda huu tulichelewa kufika.

Mfano mzuri ni Facebook. Ilipoanza kugawa majina ya akaunti, ilifungua mlango usiku wa manane kwa saa za mashariki mwa Marekani, tarehe 13 Juni 2009. Huku kwetu ilikuwa saa moja asubuhi, Jumamosi. Katika dakika tatu za mwanzo watu 200,000 walikuwa wameshachukua majina yao. Wakati huo Tanzania ilikuwa bado inategemea satelaiti kwa intaneti yake: mkongo wa SEACOM, wa kwanza wa baharini kuifikia Dar es Salaam, ulizinduliwa tarehe 23 Julai mwaka huohuo, wiki sita baadaye. Kijana wa Kiongoni au Nganani aliyekuwa akienda mjini kulipia saa moja ya intaneti hakuwa kwenye mbio hizo kabisa.

Majina yanayotafutwa yana sura moja karibu kote duniani. Neno moja, fupi, lisilo na tarakimu wala mstari wa chini. Majina ya miji na visiwa. Majina ya kawaida ya watu. Majina ya kazi na bidhaa. Herufi moja au mbili peke yake. Wanaoyafanyia biashara huyaita kwa lugha yao "OG", yaani majina ya wakongwe, kwa sababu mengi yalichukuliwa siku za mwanzo za mtandao husika.

Urefu nao una sheria zake, na hapa Makunduchi ina shida yake ndogo. X hairuhusu jina lizidi herufi 15. MwakaKogwa linaingia. MakunduchiZanzibar, herufi 18, haliingii. Instagram inaruhusu hadi 30, kwa hiyo huko mtu anaweza kujinafasi. Ndiyo maana jina fupi likishakwenda, aliyebaki analazimika kukata maneno mpaka jina lisomeke kama namba ya siri.

Ilianzia kwenye tovuti

Kabla ya majina ya akaunti kulikuwa na majina ya tovuti. Mwaka 1994 mwandishi wa habari wa Marekani, Joshua Quittner, aliandikisha mcdonalds.com kwa jina lake, kuonyesha tu kwamba kampuni kubwa zimelala. Hakudai mkwanja kwa ajili yake. Alilirudisha jina baada ya kampuni hiyo kukubali kuchangia intaneti ya skuli moja ya Brooklyn.

Waliofuata hawakuwa na roho hiyo. Watu walijaza majina ya makampuni, ya miji, hata ya nchi nzima. Afrika Kusini iliingia kwenye mvutano na kampuni ya Marekani iliyokuwa imeshika southafrica.com, na suala likafika mahakamani huko New York. Mwaka 1999, ICANN, taasisi inayosimamia mfumo wa majina ya tovuti duniani, ikapitisha utaratibu wa usuluhishi: mwenye alama ya biashara anaweza kulidai jina lililochukuliwa kwa nia mbaya bila kufungua kesi ya miaka.

Angalia neno hilo, alama ya biashara. Litarudi.

Mitandao ya kijamii haina chombo kama hicho cha kimataifa. Kila kampuni ni hakimu kwenye nyumba yake.

Bei zinakwenda wapi?

Kwa miaka mingi soko lilikuwa la chinichini. Instagram inakataza wazi kununua na kuuza akaunti au jina lake. Twitter nayo ilikataza kukalia majina. Dili zilifanyika kwenye ujumbe wa siri, kwa kuaminiana au kwa kutapeliana, mara nyingi yote mawili.

Serikali nazo zimewahi kununua. Mwaka 2010 Wizara ya Mambo ya Nje ya Israel ililipata jina @israel kwa kumlipa Mhispania aliyeitwa Israel, ambaye alikuwa amejiandikisha kwa jina lake halisi alilopewa na wazazi. Mwaka mmoja kabla, CNN ililazimika kuichukua akaunti ya @cnnbrk kutoka kwa kijana wa Uingereza aliyeianzisha mwenyewe na kuipa wafuasi wengi kuliko kampuni yenyewe.

Telegram ndiyo iliyolitoa soko hadharani. Oktoba 2022 ilifungua mnada uitwao Fragment, majina yakauzwa kwa sarafu ya kidijitali ya Toncoin. Jina @news lilikwenda kwa Toncoin 994,000. Mwishoni mwa Novemba mwaka huo mwanzilishi wa Telegram, Pavel Durov, alitangaza kwamba majina yenye thamani ya dola milioni 50 yameuzwa ndani ya chini ya mwezi mmoja. Dola milioni 50, kwa maneno tu.

X ikafuata. Oktoba 2025 ilitangaza soko lake la majina yaliyolala bila kutumiwa. Yale yanayoitwa adimu bei yake inaanzia dola 2,500 na kupanda hadi zaidi ya milioni. Mengine wanapewa wanaolipia kifurushi cha juu, na ukiacha kulipia jina linaweza kukutoka. Hiyo kwa Kiswahili ni kodi, si ununuzi.

Anayeona huu ni uwendawazimu wa kigeni atazame barabarani. Bara, mtu anayetaka gari lake lisome jina lake badala ya namba za kawaida hulipia ada ya mamilioni, na ada hiyo haidumu milele, huisha baada ya miaka mitatu akalipa tena. Makampuni ya simu nayo yana namba nyepesi zinazouzwa ghali kuliko laini ya kawaida. Hamu ya kuwa na kitu ambacho jirani hana ni ileile.

Mnazi na ardhi

Swali kubwa ni hili: ukilipia jina, umenunua nini hasa?

Zanzibar ina namna yake ya kulielewa. Kimila, mnazi unaweza kuwa na mwenyewe, na ardhi uliposimama ikawa na habari nyingine. Mtu anaurithi mnazi, anauza madafu yake, anauweka rehani, huku udongo chini si wake. Na kisheria, ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma na iko chini ya dhamana ya Rais. Anayepewa hupewa haki ya kuitumia. Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 inasema hivyo, na ndivyo wawekezaji wa hoteli za pwani ya kusini wanavyoelezwa: unakodishwa, huuziwi.

Jina la akaunti ni mnazi. Umeupanda, umeumwagilia miaka kumi, wafuasi ndiyo madafu. Lakini ardhi ni ya kampuni. Tofauti ni kwamba mwenye mnazi Unguja anayo serikali ya kuilalamikia, wazee wa kuwaita, mahakama ya kwenda. Mwenye akaunti ana fomu ya kujaza na majibu yanayotoka kwenye kompyuta.

Mifano ipo. Julai 2023, Twitter ilipobadilishwa jina na kuwa X, jina @x lilikuwa la mpiga picha wa San Francisco, Gene X Hwang, aliyekuwa nalo kwa zaidi ya miaka 15. Lilichukuliwa. Hakulipwa. Alitolewa zawadi za kampuni, mfano wa fulana, na nafasi ya kutembelea ofisi. Wiki chache baadaye @music nalo likaondolewa kwa mtu aliyekuwa amekusanya wafuasi karibu nusu milioni.

Instagram nayo ina yake. Aprili 2019 jina @sussexroyal lilihamishiwa kwa Mwanamfalme Harry na mkewe Meghan. Aliyekuwa nalo kabla alikuwa mwalimu wa udereva wa Worthing, huko Sussex yenyewe, naye aliligundua hilo akiwa kama mtu mwingine yeyote: amefungua simu, jina halipo. Na Novemba 2021, siku chache baada ya Facebook kujiita Meta, msanii wa Australia aliyekuwa na @metaverse tangu 2012 alikuta akaunti yake imefungwa. Alirudishiwa baada ya gazeti kuiuliza kampuni hiyo.

Kwa hiyo mtu anayekwambia "nunua jina hili, ni mali kama shamba" anakuuzia sehemu tu ya ukweli. Ni mali mpaka siku kampuni itakapolitaka.

Wizi, na mengine mabaya zaidi

Kitu kikiwa na bei, mwizi haji mbali.

Januari 2014 mtaalamu wa kompyuta Naoki Hiroshima aliandika jinsi alivyoporwa @N, herufi moja, jina ambalo alikuwa ameshawahi kuahidiwa dola 50,000. Mwizi hakuvunja mfumo wa Twitter. Alipiga simu kwenye makampuni mengine yenye taarifa za Hiroshima, akajifanya yeye, akapata funguo za tovuti yake, kisha akamwambia: nipe jina au nafuta kila kitu. Alilipata tena jina lake Februari.

Tarehe 15 Julai 2020 dunia iliona akaunti za Barack Obama, Joe Biden, Bill Gates na Elon Musk zikiomba watu watume Bitcoin. Wengi wanaikumbuka kama utapeli wa sarafu. Ila ulianza kama biashara ya majina. Kijana wa miaka 17 wa Tampa, Florida, na wenzake walipata njia ya kuingia kwenye mitambo ya ndani ya Twitter, na kabla ya kuwagusa mastaa walikuwa wakiwauzia wateja majina mafupi. Bitcoin ilikuja baadaye, ikawaingizia zaidi ya dola 100,000. Mwaka 2021 kijana huyo alikubali kosa na kuhukumiwa miaka mitatu.

Kuna kisa cha kutisha zaidi. Aprili 2020, mzee wa miaka 60 wa kijiji cha Bethpage, jimbo la Tennessee, alikuwa na jina @Tennessee na alikataa kuliuza. Waliolitaka wakapiga polisi simu ya uongo kwamba kuna mauaji nyumbani kwake. Polisi walifika na bunduki. Mzee akaanguka kwa mshtuko wa moyo, akafa. Mmoja wa wahusika alifungwa miaka mitano. Yote kwa sababu ya neno lenye herufi tisa.

Afrika Mashariki visa vinavyojulikana zaidi ni vya akaunti za wakubwa. Machi 2019 Ikulu ya Kenya ilizima akaunti za Rais Uhuru Kenyatta baada ya kusema zimeingiliwa. Mei 2025 akaunti ya X ya Jeshi la Polisi Tanzania ilidukuliwa na kuchapisha picha chafu pamoja na uzushi, na mwezi huohuo X ikaacha kufunguka kwa watumiaji wengi nchini. Hapo likaonekana jambo ambalo wauza majina hawalisemi: jina linaweza kuwa bado lako, nenosiri unalijua, lakini mlango wenyewe haufunguki.

Zanzibar: nani anakulinda?

Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa mbunge wa Makunduchi kuanzia 2010 hadi 2015, anatumia X kwa jina @SuluhuSamia. Jina la baba limetangulia. Ni kitu kidogo, ila mtu anayebahatisha kwa kuandika jina kama linavyotamkwa redioni atafika kwingine. Matapeli wanaishi kwenye nafasi hiyo, kati ya jina unalolijua na jina lililoandikishwa. Ndiyo wale wanaokuja na "Mama anatoa mikopo, tuma ada ya fomu".

Kujifanya mtu mwingine ni kosa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 15, inakataza kutumia mfumo wa kompyuta kujifanya mtu mwingine, na inafanya kazi Bara na Zanzibar. Lakini kulikalia jina bila kujifanya ni habari nyingine. Aliyechukua makunduchi akaweka picha za paka wake hajajifanya mtu. Kawahi tu.

Hapa ndipo alama ya biashara inaporudi, na hapa ndipo wafanyabiashara wengi wa Unguja wanapojikwaa. Mitandao mikubwa inasikiliza malalamiko ya jina kama unaonyesha alama iliyosajiliwa. Muungano ni mmoja, lakini usajili wa alama si mmoja. Aliyesajili BRELA amelindwa Bara. Kwa Zanzibar anatakiwa aende BPRA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali. Nyumba ya wageni iliyosajiliwa upande mmoja tu inaweza kukuta jina lake halali upande wa pili likiwa na mwenyewe mwingine, halali vilevile.

Anuani ya .tz ni ardhi yenye uhakika kidogo kuliko akaunti. Ina rejista nchini, ina utaratibu wa migogoro, na ina sheria ambayo mtu anaweza kuisoma. Taasisi za Serikali ya Mapinduzi zinatumia smz.go.tz, na hilo ni moja ya mambo rahisi ya kuangalia kabla ya kutuma hela: kama ukurasa unajiita wa serikali na hauelekezi kwenye go.tz, subiri kwanza. Kwa mtu binafsi, anuani inalipiwa kila mwaka. Ukisahau, inarudi sokoni, na wapo wanaongoja majina yaliyosahaulika kama kunguru wa Forodhani.

Mitandao nayo ina muda wake wa kusahau. X inataka uingie angalau mara moja kila siku 30. TikTok inaweza kukunyang'anya jina na kukupa tarakimu baada ya siku 180 za ukimya. Google inafuta akaunti isiyotumika miaka miwili, na ikiondoka barua pepe iliyofungulia Instagram yako, njia ya kulirudisha jina imeondoka nayo. Laini ya simu ni hivyohivyo. Ukiiacha ikazimwa, namba hupewa mtu mwingine, na ujumbe wa kuthibitisha unakwenda kwake.

Jina la wote, nenosiri la mmoja

Turudi Kajengwa. Hoteli ina mwenyewe, msanii ana mwenyewe, na wote wanaweza kwenda BPRA. Mwaka Kogwa hauna. Ni wa Makunduchi nzima, wa Kajengwa na Mzuri, Kiongoni na Nganani, umerithiwa bila karatasi na hakuna ukoo unaoweza kusimama ukasema ni wetu peke yetu. Ukiuliza nani aandikishe jina, kamati, shehia, halmashauri au wizara, kila jibu lina wa kulipinga.

Instagram haiulizi hayo. Inataka barua pepe moja na namba moja ya simu. Mara nyingi anayefungua akaunti ya jambo la kijiji ni kijana mwenye simu nzuri na bando, anayefanya kwa mapenzi, bila malipo. Akipata kazi Muscat, jina linasafiri naye. Akigombana na wenzake, linagombana naye. Na siku mtu wa kampuni ya utalii atakapomtumia ujumbe kwamba ana dola 500 mkononi, atakayeamua kuhusu jina la sherehe ya karne nyingi ni yeye peke yake, pengine usiku, pengine akiwa anadaiwa kodi ya nyumba.

Ukurasa wa Facebook angalau unaweza kuwekewa wasimamizi zaidi ya mmoja, na barua pepe ya kamati inaweza kufunguliwa kwa namba ambayo si ya mtu binafsi. Kazi hiyo inachukua nusu saa. Julai ijayo simu zitanyanyuliwa tena, na zile herufi kumi zitaandikwa na watu wengi zaidi ya mwaka jana.